Mabati Juu ya Kitanda cha Baba

Oulu, Ufini
20 Novemba 2023

Kwako Baba Mdogo Kipkosgei,

Salamu kutoka kwa baridi. Natumaini mgongo umepoa na mahindi mmeshavuna. Mimi mwili uko sawa, lakini siamki. Huku jua linatua saa tisa mchana. Tangu Oktoba nalala nikiangalia ukuta, chuoni siendi, hata kuoga ni kazi. Daktari anasema ni ugonjwa wa majira ya giza na unatibika, lakini ameuliza kama kwetu kuna mtu alikuwa hivi. Nikamkumbuka Baba, kila Julai mvua ikishika huko nyumbani Kiminini. Nyinyi mlimwita mvivu. Wewe ndiye ulikaa naye. Niambie ukweli, alikuwa mgonjwa? Kama alikuwa mvivu tu, basi na mimi ni mvivu, na dawa sitaki.

Binti yako,
Jepkorir

Kiminini
29 Novemba 2023

Jepkorir, binti ya ndugu yangu,

Pokea salamu za kujaza gunia. Sisi wazima. Nimevuna mpaka majirani wakaja kushangaa. Linet wa cyber, pale kwa kompyuta za intaneti, atapiga barua hii picha akutumie, maana simu yangu ilikanyagwa na ng'ombe.

Ati baridi? Nikiwa kijana nachunga huko juu Mlima Elgon, maziwa yaliganda ndani ya ng'ombe. Tuliyakata kwa panga tukabeba mfukoni. Na sikulala, bana.

Kwetu hakuna ugonjwa wa kulala, na usiandikishe jina letu kwa vitabu vya Wazungu. Baba yako Kiptum alikuwa mvivu, Mungu amrehemu, na ni mimi nilimponya. Julai ile ya mwisho magugu yamefika kiunoni, yeye yuko kitandani. Nikapanda juu ya nyumba, nikang'oa mabati mawili pale juu ya kitanda. Mvua ikamwamsha. Siku hiyo alipalilia ekari tatu, hata chai hakuitisha. Na wewe oga maji baridi, achana na daktari.

Ni mimi baba yako mdogo,
Kipkosgei

Oulu
11 Februari 2024

Baba Mdogo,

Salamu. Nilikuamini. Sikurudi kwa daktari. Nilioga maji baridi, nikajiita mvivu mbele ya kioo, halafu nikarudi kitandani. Mwezi wa kwanza chuo kimeniondoa darasani.

Jana nilimpigia Mama, huko Bungoma, nikamsomea barua yako. Akasema mabati uliyang'oa tarehe tisa, na tarehe ishirini na nne tulimzika Baba kwa homa ya mapafu. Hakuna ekari tatu. Hadithi hiyo umeisimulia kwa kila harusi, watu wakicheka, na mimi nikicheka. Sasa niambie alifanya nini mvua ilipoingia.

Jepkorir

Kiminini
3 Machi 2024

Binti yangu,

Sisi wazima, sijui wewe. Mvua haikuwa kubwa vile mama yako anasema. Na homa hiyo ilikuwa inatembea kijiji kizima, hata mimi ilinishika nikaimaliza kwa siku moja.

Linet ameuliza kama nimemaliza kuandika. Nimemwambia angoje.

Hakupalilia. Nilichungulia kutoka juu. Maji yanampiga usoni na macho ameyafumbua, ananiangalia, na hata hakujivuta upande ule mkavu. Nikamwita jina. Jepkorir, mvivu hukimbia mvua. Hapo ndipo nilijua. Nikashuka, nikaambia watu ameamka. Mabati nilirudisha kesho yake.

Ndugu yangu alikuwa mgonjwa. Mwambie daktari aandike.

Baba yako mdogo

Kiminini
19 Mei 2024

Jepkorir,

Hujambo huko? Sisi tumepanda. Tangu Machi hii ni barua ya tatu bila jibu. Juzi nilienda Bungoma nikampata mama yako sokoni. Amesema ulirudi kwa daktari, ukapewa dawa na taa ya kukaa mbele yake asubuhi, na chuo watakurudisha Agosti. Nikaambia wamama wa pale, si mnaona, ni barua yangu imeponya huyo msichana. Hakuna mtu alicheka. Nikamwuliza mama yako kama umenitumia salamu. Aliendelea kupanga nyanya.

Baba yako mdogo,
Kipkosgei