Paneli ya Mjukuu Bado Ni Hesabu

Nyamvula mke wangu, salamu nyingi kutoka Diani. Mimi wa miaka themanini na mbili, niliyemzika hata yule daktari aliyenikataza chumvi, nimefika salama na ninakula samaki wa kupaka.

Nilikuaga kwa majivuno kwamba nitarudi Kinango na paneli mpya ya sola anayoibuni mjukuu wetu Riziki, huyu mke mwenzio wa utani. Nimekuja na kamba na gunia la kuifungia. Nimemkuta mbele ya kompyuta.

"Mke wangu, paneli iko wapi?"

"Babu, bado ni hesabu."

Anatafuta madini ya kunasa jua yasiyo na risasi, maana madini hayo ya risasi ni sumu. Humo kwenye kompyuta huchomoa chembe moja, hupachika ya namna nyingine, kisha hungoja hesabu iseme kama umeme utaongezeka. Ya leo imekataa.

"Umeharibu?"

"Kuharibu humu hakumwagi kitu, Babu. Ninaanza nyingine."

"Basi nitangoja."

"Huenda ikawa miaka."

"Nina nafasi."

Ningemngoja kweli, ila nimekukumbuka, kwa hiyo nitarudi Ijumaa. Usije ukakaa gizani: nenda kwa jirani yetu Mwero, ukaichukue ile paneli yetu kuukuu niliyomgawia siku niliyoondoka. Mwambie nilimwazima tu. Na ukidhani hii mpya ni uongo wangu, shahidi ni Riziki, ambaye amecheka sana lakini hakukana.

Mumeo, Mzee Chitsao