Lori la Watu Sitini

Shambani, upande wa Kiplombe,
Eldoret.
Jumapili, baada ya kanisa.

Kwako mke wangu Nduku,

Keti kwanza, kwa maana barua hii ni ndefu na ukiisoma umesimama uji utaungua. Mimi ni mzima, isipokuwa kidole gumba cha kushoto kilichobanwa na boneti, na habari yake utaikuta mbele. Nyinyi je? Goti la Mama limepoa? Wambui ameacha kula udongo? Mwambie baba yake amekula udongo mwingi wiki hii kuliko yeye.

Naandika Kiswahili chetu cha Nairobi badala ya lugha ya Mama, ili asimpe mtu wa jirani amsomee kabla yako. Ukimtafsiria, ruka ile habari ya tangi la petroli, kwa sababu ina pombe ndani.

Najua unatafuta neno moja tu. Uliniambia siku ninaondoka kwamba mavuno yakifika kabla sijapata mahali petu, utafunga mizigo urudi kwa baba yako Machakos, kwani umechoka kulala jikoni kwa mama mkwe kama mgeni aliyesahau kuaga. Sijasahau hata siku moja. Jibu limo humu ndani, lakini usiruke kurasa, nawe nakujua kwa kuruka.

Nilipofika huku niliitwa kama fundi. Watu wetu sitini waliungana wakanunua shamba la mzungu aliyerudi kwao, pamoja na lori lake la kijeshi la zamani, lile la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Mwenyekiti wao, Mzee Gathogo, aliniambia wazi kwamba mimi sina hisa. Lakini nikilifufua lori hilo, nikamleta mpimaji wa serikali kutoka mjini siku atakayokuja kukata vipande, nitaandikwa mwanachama wa sitini na moja, nami nitapewa kipande. Barabara ya kuja huku wakati wa mvua haina gari jingine linaloithubutu, na mpimaji asingefika siku hiyo, zamu yetu nyingine ingekuwa baada ya mavuno. Unaona mwenyewe jinsi hesabu ya serikali na hesabu yako zilivyokutana. Karani aliandika katika kitabu: "Fundi amfikishe mpimaji shambani kwa lori." Nikatia sahihi.

Ndipo nikauliza lori liko wapi. Mzee Gathogo akatazama viatu vyake.

"Iko," akasema.

"Iko wapi?"

"Iko kila mahali."

Kumbe mzungu alipoondoka, watu walikutana uani wakasema mali hii ni ya wote, na kila mtu aondoke na chake. Ng'ombe waligawanywa, majembe yakagawanywa, wakafika kwenye lori. Mtu mwingine yeyote angesema lori halikatwi. Hawa wetu walitafuta spana. Kufikia jioni kila mwanachama alikuwa amekwenda kwake na sehemu yake, kwa haki kabisa, na hakuna aliyegombana na mwenzake. Nilichoonyeshwa mimi kilikuwa injini na mifupa, juu ya mawe manne, na kuku amelala mahali pa betri.

Basi nikaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba kama mtu wa sensa. Boneti ilikuwa paa la banda la mbuzi, na ndiyo iliyonibana kidole nilipokuwa naishusha. Betri ilikuwa juu ya meza ya bwana mmoja aliyeifunika kitambaa, akingoja iwashe taa. Shafti ya mbele ilikuwa komeo la lango. Bomba la moshi lilikuwa bomba la moshi, lakini la jikoni. Honi alikuwa nayo karani, akiipuliza kuita mikutano. Usukani ulikuwa ukutani kwa Mzee Gathogo, juu ya picha ya harusi yake, kwa sababu usukani, alivyonieleza, ni wa mwenyekiti. Tangi la petroli lilikuwa kwa Mzee Njuguna, na ndani yake muratina ilikuwa inachemka taratibu.

"Nitakupa," Mzee Njuguna akasema. "Ngoja iive. Ni siku nne tu."

"Mzee, mpimaji anakuja kesho kutwa."

"Basi yeye ndiye ana haraka, si pombe."

Nduku, nimebembeleza watu sitini. Nimekunywa chai nyumba sitini. Kila mmoja alinipa chake kwa sharti kwamba baada ya siku ya mpimaji kitarudi, na kila mmoja alikipiga alama ya rangi ili nisije nikampa jirani. Aliyenikatalia kabisa, mbali na Njuguna na pombe yake, ni mmoja tu, Mama Kabura.

Mama Kabura ni mjane aliyefanya kazi katika shamba hili hili tangu wakati wa mzungu. Yeye alipata kiti cha mbele, kile kirefu cha ngozi, na amekiweka mlangoni pake akitazama barabara. Nilimkuta ameketi katikati, miguu haigusi chini. Nikamweleza habari ya mpimaji, na serikali, na kipande changu.

"Kijana," akaniambia, "miaka ishirini nimepalilia pareto hapo kando ya barabara, na hii kiti ikinipita kila siku. Sasa nimekaa. Siamki."

"Mama, mpimaji atakaa wapi?"

"Serikali iko na miguu."

Nikaenda zangu, na kusema kweli sikumkasirikia.

Siku mbili sikulala vizuri kwa kulijenga lile dude. Springi moja ilikuwa imevunjika, nikaikaza kwa kipande cha mti wa muwati. Pale injini ilipovuja mafuta niliziba kwa karatasi ngumu ya boksi la sabuni. Kwa kuwa tangi lilikuwa na shughuli zake, nilifunga debe la petroli juu ya paa, na mpira ukashuka mpaka kwenye injini. Breki zilikuwepo, ila zilitaka kupewa taarifa mapema. Kilichonishinda ni mkanda wa feni, ambao aliyegawiwa alishautumia kufungia ndama, na ndama akautafuna. Jirani yetu Mzee Kiprono, mwenyeji wa hapa, mtu mpole mwenye ng'ombe wengi, alinikatia mkanda wa ngozi ya ng'ombe, akanipa, kisha akautazama kwa huruma.

"Ngozi ikilowa inalegea," akasema.

"Leo kuna jua, Mzee."

"Leo, ndiyo. Habari ya mvua, uliza ng'ombe."

Nilifika mjini saa nne asubuhi. Kwenye maduka watu walitoka nje kuona, maana lori lilikuwa na rangi sitini na halikuwa na kioo cha mbele. Mpimaji ni kijana wa ofisi, viatu vinang'aa, tai imekaza shingo. Alizunguka lori mara mbili. Kisha akachungulia ndani.

"Kiti kiko wapi?"

"Kiko kwa Mama Kabura."

"Mama Kabura ni nani?"

"Ndiye mwenye kiti."

Alikaa juu ya mtungi wa maziwa, ramani kifuani, mimi juu ya mwingine. Tulikwenda vizuri, nami moyoni nilishaanza kukujengea jiko. Tulipokaribia shamba, mvua ya huku, ambayo haibishi hodi, ikatumwagikia. Bila kioo tuliipokea yote usoni. Mkanda wa ngozi ukalowa, ukalegea, feni ikasimama, na injini ikaanza kuchemka kuliko muratina ya Njuguna. Kwenye bonde la kijito, kwenye ule udongo mweusi, lori lilikohoa mara tatu likazama mpaka tumboni. Yule mpimaji akavua viatu, akavifunga shingoni kwa tai yake, akashuka kusukuma. Alisukuma kama mwanamume. Lori halikujua hata kama kuna mtu nyuma.

Watu wakatushukia wote sitini, kwa maana niliibonyeza ile honi nao wakadhani ni mkutano. Karani alikuja na kitabu chake chini ya mwavuli. Akatazama lori, akatazama kitabu.

"Nasikitika," akasema. "Hapa bado ni kwa Mzee Kiprono. Shamba letu linaanzia huko mbele. Fundi hajafika."

Nduku, nilikuona unakunja lile blanketi jekundu. Nilisema hapa ni kwetu, karani akasema ni kwa jirani, wengine wakaingilia, na Mzee Gathogo akawa anasema tutaangalia, tutaangalia, jinsi anavyosema akiwa hajui la kufanya. Mpimaji alikuwa anakamua suruali. Akafungua ramani juu ya boneti, akaenda kwenye majani akatafuta lile jiwe la zamani la mpaka, akalipata, akavuta mnyororo wake wa kupimia. Kisha akasimama kando ya lori, akaweka mguu mtupu kwenye tope, kati ya gurudumu la mbele na gurudumu la nyuma.

"Mpaka unapita hapa," akasema.

Mzee Kiprono alikuwa amefika na fimbo yake. "Basi mbele inakula kwenu na nyuma iko kwangu," akasema. "Mimi nitakamua."

Watu walicheka, lakini karani hakucheka. "Gari nusu si gari," akasema. "Haijafika."

"Kitabu chako kinasema nini?" mpimaji akamwuliza. "Soma."

Karani akasoma: "Fundi amfikishe mpimaji shambani kwa lori."

"Nani afikishwe? Mimi ama gari?"

"Wewe."

"Sawa. Mimi nilikuwa nimekaa mbele."

Mke wangu, nimeandikwa. Namba sitini na moja, kwa wino, nami niliona karani akiandika, na nilimfanya arudie herufi moja ya jina langu iliyokuwa imepinda. Nililia kidogo. Walifikiri ni mvua.

Mpimaji alikaa nasi siku nne akikata vipande. Kila mtu alichota namba yake katika kofia ya Mzee Gathogo, sitini barabara, na ukabaki ule ukanda wa kijitoni. Karani alisema pale ni tope tu, hapapimiki. Mpimaji akamwambia, "Katika hii shamba yote, hiyo ndio pahali naijua zaidi. Nusu yake iko kwa suruali yangu." Akapapima, akapiga vigingi vinne. Ndipo petu. Urefu wake unazidi upana, na ukishuka baada ya mvua utaacha kiatu, sikufichi. Lakini udongo ni mweusi na maji hayakauki, na nduma zitakubali pale hata ukizitupa tu. Nimeshasimamisha nguzo za nyumba upande wa juu, palipo pakavu. Jiko linatazama mashariki, na hakuna atakayelala ndani yake.

Lori lilivutwa Alhamisi na ng'ombe wanane wa Mzee Kiprono. Jana asubuhi wanachama walikuja, kila mtu na spana yake, wakachukua vyao kwa alama za rangi, na kabla ya saa sita tulirudi kwenye injini na mawe manne. Kuku pia alirudi.

Kwa hiyo leo kanisani, wakati wa matangazo, niliposimama kushukuru, nilisema nakutumia habari uje, nami nitakupokea stesheni ya Eldoret kwa miguu, mizigo tutabeba kichwani. Mama Kabura akasimama. Huwa hasimami kanisani hata wakati wa kuimba.

"Huyo bibi yako anatoka mbali?" akaniuliza mbele ya watu wote.

Nikasema anatoka Murang'a kwa mama yangu, na kwamba alishasema asipopata pake atarudi kwao.

"Mwanamke hataletwa kwake akikalia mtungi," akasema. "Njoo uchukue kiti."

Nikamwuliza kama ana hakika, na nitakirudisha lini.

"Siku hiyo hiyo. Kiti nitataka kirudi," akasema. "Bibi yako, hapana."

Baada ya hapo nani angebaki na chake? Mzee Gathogo ameniletea usukani mwenyewe, ameubeba kifuani kama mtoto wa kubatizwa. Betri imefika na kitambaa chake. Njuguna anasema tangi sasa liko tupu, na kwa jinsi alivyokuwa anatembea namsadiki. Mkanda wa feni nilishanunua wa mpira tangu Ijumaa. Mzee Kiprono aliupinda mara mbili, akasema huu hauna haja ya kuuliza ng'ombe.

Panda gari la moshi Jumatano ya wiki ijayo. Njoo na Wambui, na blanketi jekundu, na lile jembe lako la mpini mfupi. Mama mwambie pole kwa goti, na kwamba chumba chake nacho kimepimwa. Msalimie kaka yako fundi wa viatu, umwambie nitamhitaji, huku viatu vinakufa vibaya. Msalimie shemeji yangu mdogo anayesoma, na mama wa jirani anayekuazima moto, na katekista aliyekuletea barua hii, mpe chai.

Ukishuka stesheni utasikia honi kabla hujaniona. Panda mbele, ukae katikati, miguu isiguse chini. Ya kumshukuru mwenye kiti ngoja mpaka tufike, kwa maana tutapita mlangoni pake, naye atakuwa amesimama.

Ni mimi mume wako, mwanachama wa sitini na moja,

Kariuki