Kadi Nilitengeneza Mimi, Kazi Kapata Mke Wangu

Mshauri mpendwa, shikamoo, na kama umri wetu ni mmoja basi iwe salamu tu, naomba unisaidie, maana jambo lililonipata kila ninayemweleza anacheka kabla sijamaliza.

Mimi ni seremala, milango ndiyo kazi yangu, na tangu karakana yetu ifungwe nimezunguka kuomba kazi mpaka soli za viatu zimenikimbia, kila mahali naambiwa acha namba tutakupigia, na hakuna anayepiga, ndipo nikapata wazo la kutengeneza kadi kwa mkono wangu, nikakata maboksi ya viatu, kila kadi nikaipa mlango mdogo unaofunguka kweli, bawaba ya kitambaa, kitasa cha njiti ya kiberiti, juu ya mlango nimeandika "Hodi", ukiufungua unakuta "Karibu, mimi ni fundi milango" na namba ya simu, na kwa kuwa simu yangu ilikuwa imevunjika kioo, nikaandika namba ya mke wangu.

Hapo ndipo nilipojichimbia shimo, mshauri.

Meneja wa duka moja la samani aliipenda kadi niliyomwachia akapiga, mimi nilikuwa kwa kinyozi, mke wangu akapokea, akaulizwa mumeo anaweza nini, akaanza kueleza mbao ipi inapinda na ipi haipindi, mlango wa nje unahitaji nini, mteja mkali anatulizwaje, kwa sababu tangu tuoane amekuwa akinisikiliza nikilalamika mezani, na meneja akamuuliza, "Na wewe dada, una kazi?" akasema sina, akaitwa waonane, na leo yeye ndiye anayepokea wateja na simu pale dukani, mimi naambiwa nafasi ya fundi ikipatikana nitapigiwa, na atakayenipigia ni yeye huyo huyo.

Asubuhi anatoka amependeza, mimi nabaki nafua, na mama mkwe akija ananiuliza, "Mwanangu hajarudi kazini?" huku akitazama beseni.

Juzi shetani akanipitia, nikaazima simu ya jirani, nikakwaruza sauti kama mzee, nikapiga dukani.

"Mlango mlioniuzia umevimba, haufungi," nikasema.

"Pole sana, mzee wangu," akajibu taratibu. "Umevimba kwa maji au kwa hasira?"

Nikakata. Jioni akarudi, tukala, akanisimulia habari za wateja, la mzee hakuligusa kabisa, na kunyamaza kwake ndiko kunakonimaliza. Sasa niende kwa meneja nimwambie kazi ile ililetwa na kadi zangu, au nikae kimya? Nakutumia kadi moja uone mwenyewe kwamba uwezo ninao.

Fundi Aliyefungiwa Nje

JIBU

Fundi, kadi imefika. Nimefungua na kufunga hako kamlango mpaka mhariri akaniuliza kama sina kazi. Una mkono, hilo halina ubishi. Na pole, kukaa nyumbani bila kazi kunamla mtu taratibu. Pole yangu inaishia hapo, kwa sababu sikio lako linahitaji kufinywa.

Nani kakwambia kazi ile ilikuwa yako? Walitaka mtu wa kuongea na wateja. Wewe uliyeshindwa kumaliza simu moja, tena simu uliyoipanga mwenyewe, ungekaa pale siku ngapi?

Nami nikapiga ile namba ya kwenye kadi. Nikasema namtafuta fundi milango.

"Ni mume wangu," mkeo akanijibu. "Kazi yake ni safi, ila hajui kujieleza, na siku hizi ana kisirani kidogo. Nimemwomba meneja wetu aje aone mlango wa chumbani kwetu, ameuchonga yeye. Meneja amekubali."

"Na yeye fundi anasemaje?"

"Bado sijamwambia. Nasubiri kwanza amalize uzee wake."

Umesikia, baba? Wewe unatafuta njia ya kumshitaki kwa meneja, mwenzako anamleta meneja mpaka chumbani kwenu.

Kwa hiyo usikanyage dukani. Leo akirudi, kabla hajavua viatu, mwambie mzee wa mlango uliovimba ni wewe, na umuombe radhi. Atacheka. Mwache acheke mpaka achoke, ni haki yake. Kesho upige ule mlango msasa na vanishi, tia mafuta bawaba, peleka simu kwa fundi. Kadi mpya ziandike namba yako, na ukienda kwa kinyozi uende na simu. Meneja akija, ongea wewe, hata kama utagugumiza. Mkeo akikaribia kukusaidia, mwombe akachemshe chai. Na mama mkwe akiuliza kama mwanawe amerudi, mjibu amerudi au hajarudi. Hilo ni swali, si tusi, na kufua hakujawahi kumuua mwanamume.

Kadi yako sikurudishii. Mlango wa choo cha ofisi yetu haufungi tangu mwaka jana, mtu akiingia inabidi aimbe ili wenzake wajue kuna mtu, na mhariri wetu sauti yake ni mbaya. Njoo Jumatatu na randa yako. Bei unitajie wewe mwenyewe.