Bukari Yetu na Delege wa Sendika

Kazi moya, Jumatatu, 4 Juni 1973

Baridi. Tena tuliimba na kucheza nyimbo za Chama, kama serikali inalazimisha, mbele ya kushika kazi. Mwansa alikohoa mupaka akaacha kucheza. Moshi ya moto ya kuyeyusha mukuba, shaba yetu, inamumaliza, na siku yetu ya kumalizika nayo iko inakuya. Saa ya kula tukakaa bantu bane kwa sahani moya, kama kawaida: mimi, Mwansa, Ilunga, Mutombo. Tukasikilizana: tutaomba maski ya kufunika pua kwa shefu, sisi wenyewe. Delege wa sendika, mujumbe wa batumikaji, asijue. Sendika iko moya tu inchi nzima, na delege wake anavaa beji ya Chama kwa kifua. Huyo atatupigania? Acha!

Kazi tatu, 6 Juni

Delege alipita kazini, anacheka, anatuita bananchi kwa Kifaransa.

"Basitwayen, nasikia munataka kufunika pua?"

Tulikuwa bane tu. Nani alisema?

Kazi ine, 7 Juni

Ni Mutombo. Anajua Kifaransa, anapana mukono na bashefu. Ilunga alimuona kwa mutaa ya Makomeno, karibu na nyumba ya delege. Bibi yangu, mama ya batoto, anasema pengine alienda kuona ndugu yake. Bibi yangu anaamini kila kintu.

Posho, Jumamosi, 9 Juni

Nimefanya. Leo ilikuwa zamu ya Mutombo kuleta bukari, ugali yetu, na sombe ya majani ya muhogo.

"Ndugu, karibu. Nawa mikono."

Nikasema nimeshiba. Bote walijua ni bongo, niko na njala. Kwetu hapa muntu hakatae bukari ya mwenzake, ila kama anaogopa sumu. Ilunga akarudisha mukono. Mwansa pia. Mutombo akafunika sahani polepole. Sikumuonea huruma. Ajue.

Kazi moya, 11 Juni

Mukutano. Delege akapanda juu ya meza. Maski zitafika, Chama iko inajua mateso yetu. Kisha:

"Tumushukuru sitwayen Kalenga, mwenye aliniletea shida yenu. Tangu leo iko musaidizi wangu. Mikono!"

Kalenga ni mimi. Yee mama! Huyu delege sijaongea naye hata siku moya!

Bote bakapiga mikono, sababu mwenye hapigi anaonekana. Mwansa alipiga, macho chini. Nilitaka kulalamika. Lakini kukatalia Chama mbele ya bantu, ni kujitafutia gereza, na niko na batoto. Nikainamisha hata kichwa, kama muntu anashukuru. Nilijichukia.

Kazi tano, 15 Juni

Maski? Hakuna. Mimi bamenipa kinga mupya, baiskeli nyekundu. Bibi anaisugua kila asubuhi. Naisukuma kwa mukono mupaka kazini, naona haya kupanda. Ilunga anakula nyuma ya ukuta. Nikifika, bantu banaanza kuongea habari ya mupira.

Nimeelewa sasa. Delege hana haja ya kununua muntu. Anamushukuru tu, mbele ya benzake.

Ao ni Ilunga alisema? Yeye ndiye alinitajia Makomeno. Alikuwa anafanya nini huko?

Kazi moya, 18 Juni

Mwansa hakukuya. Kifua. Bamemulaza hospitali.

Zamu yangu ya kuleta chakula. Nilifungua bukari, nikasema karibu. Hakuna muntu. Nikaanza kufunika.

Mutombo akakuya. Akanawa mikono, akakaa, akamega. Nilitaka kulia. Nilitaka pia kumuuliza: nani amekutuma?

Sikuuliza. Tulikula mupaka sahani ikabakia tupu.