Baba Boay, Nimeufunga Ule Mshipa

Mpendwa baba Boay,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini nikianza bila shikamoo utasema huyu mwanamke kazeeka na adabu imepungua. Anayeandika ni mkwe wako, mke wa Boay. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kunirekebisha.

Nina la kukiri. Lakini kwanza ujue hatupo tena Arusha. Hatujahama, tupo hapa hapa Endasak na mahindi yetu. Mkoa ndio umetuhama, sasa tunaitwa Manyara.

Haya. Unakumbuka siku mguu wangu wa kushoto ulipopasuka? Ule mshipa ulionenepa kama mnyoo juu ya kifundo, niliugonga kidogo tu na kuni, damu ikaruka mpaka ukutani. Wewe ulikuwa zizini, unataka kumtoa dume damu ya kunywa kwa mshale. Ukaja mbio na ule ukanda wa kumfunga shingoni, ukanifunga nao juu ya goti. Damu ikazidi! Nikakupigia kelele, "Baba Boay, mimi siyo dume lako!" Macho yakakutoka. Ndipo ukakumbuka kwamba ukanda hufungwa ili mshipa ujae. Ukaufungua, ukanilaza, ukabana pale kwa kidole gumba, mguu ukauweka begani kwako mpaka damu ikakata. Mwanamume wa kwenu, mguu wa mke begani! Shemeji zangu walicheka mwezi mzima.

Wewe hukucheka. Ulisema, "Mshipa huu asiuguse mtu. Ukifungwa, mguu utakauka kama tawi."

Nikatii, hata baada ya kukuzika. Kidonda kikaja pale kifundoni, kikakaa miaka. Kanisani nikawa nakaa mlangoni kwa sababu ya harufu. Mnadani nikaacha kwenda. Mwaka huu huyu mkwe wako akasema, "Mama, ukanda wa baba ulikosea. Na neno lake je?" Nilimwambia funga mdomo, mtoto wewe. Lakini sikulala vizuri, na wiki ile ile nikapanda pikipiki mpaka hospitali.

Daktari ni binti, mdogo kuliko Boay. Akanipa shikamoo, akanisimamisha, akanipaka mafuta ya baridi mguuni, akapitisha kidude kama kipande cha sabuni. Kwenye televisheni nikaona ndani ya mguu wangu. Baba Boay! Umetoboa mishipa ya ng'ombe maisha yako yote, hukuwahi kuona niliyoyaona. Damu pale ina rangi mbili, nyekundu na bluu, na ina sauti, shwaa, kama upepo kwenye mahindi makavu. Akabana shavu la mguu, ikapanda. Akaachia, ikarudi chini.

"Bibi, humu kuna vilango," akasema. "Vyako vimechoka, havifungi."

Vilango! Kumbe Mungu ametutia vilango miguuni na hakutuambia.

Nikamuuliza habari ya kukauka. Akasema ndani zaidi ipo mishipa mizima, damu itapita huko. Nikakufikiria wewe. Halafu nikasema, "Funga."

Akadunga sindano, dawa kama povu. Nikaiona ikiingia, nyeupe, na mshipa unajikunja. Akanivalisha soksi ya kubana kweli kweli, akasema, "Sasa tembea." Nikadhani ananitania. Nikatembea mpaka mwisho wa korido na kurudi, manesi wanapiga vigelegele kama nimeolewa upya.

Mguu haukukauka. Kidonda kimefunga, ngozi imetoka laini kama ya mtoto mchanga. Kila asubuhi naigusa, na bado sijazoea.

Sikukasirikii. Neno lile lilitoka kwenye hofu, nami niliuona uso wako siku ile. Hakuna aliyewahi kuogopa kunipoteza namna hiyo.

Sasa umebaki mguu wa kulia, nao vilango vyake vimechoka. Keshokutwa narudi kwa yule binti. Sikuombi ruhusa, baba Boay. Nakuaga tu.

Mkeo,
mama Boay