Droni ya Papa Haikuharibika

Bukavu, tarehe 6 Mei

Yaya Venant, kaka yangu,

Sisi tuko salama. Maman amerudi kazini, na mimi nimepata septante, ndiyo sabini kwa mia, mu mtihani wa chimie.

Uliniambia nitafute kwa nini droni ilikatisha video ya mazishi ya Papa, baba yetu, ikarudi kabla sanduku halijashushwa. Nimeipima vizuri. Nilipangusa macho yake ya mbele, yale yanayoona vizuizi, kwa kitambaa cha miwani. Nikairusha kwenye uwanja wa parokia, nikaielekeza kwenye mikaratusi: ikasimama mita mbili mbele ya miti, kama mutu mwenye akili. Bateri iko nzima.

Tonton Zagabe, mujomba wetu, anasema, "Hiyo kitu ni ya uongo, murudishie ule mwenye aliwauzisha." Na wewe unataka kutuma ingine. Usitume.

Yaya, kile kifungo cha kuirudisha nilikibonyeza mimi. Walipoanza kulegeza kamba za sanduku, niliinamisha macho kwenye kile kifungo. Nikabonyeza, nikaiangalia droni tu mpaka ikatua miguuni pangu. Watu walidhani nashughulika na mashine. Nilipogeuka, walikuwa wanasawazisha udongo.

Najua ulikaa siku ile yote huko Lyon mbele ya simu, kwa sababu makaratasi yako ya kusafiri hayakutoka, ili umuone mara ya mwisho. Unisamehe. Vile ilivyokuwa, umuulize Maman. Mimi usiniulize, hata mimi sikuona.

Mudogo wako,
Lydie