Konokono wa Shaba wa Yaya Furaha

Kamembe, mvua tangu asubuhi

Yaya Furaha, dada yangu,

Natumaini huko Uvira mmeamka vizuri na Maman anakula. Mimi nakunywa chai ya tangawizi, nangoja mvua ikatike.

Nimekupatia zawadi. Unakumbuka konokono wako wa jiwe, ile fosili uliyokuwa unaonyesha wanafunzi? Ilipotea tulipokimbia vita, na wewe hujarudi darasani tangu hapo. Nilimchorea Papa Idi, fundi wa herini hapa sokoni, umbo lake, pamoja na lile pengo la ukingoni mwa gamba. Akanitengenezea kidani kizuri cha shaba, ila pengo alikuwa amelijaza.

"Maman," akaniambia, "siwezi kutoa kazi yenye kuvunjika. Bantu batasema nimezeeka."

Nikamwambia pale ndipo kaa alipomng'ata konokono akiwa hai, na somo la dada yangu lilikuwa linaanzia hapohapo. Akachukua tupa, akalifungua pengo polepole. Kisha akaniuliza, "Na huyo konokono, alikufa ao alipona?"

Nimemwambia mwalimu mwenyewe atajibu. Basi kivae, Yaya, urudi darasani. Una mwanafunzi anakungoja Kamembe.

Nakukumbatia sana,
Neema, mdogo wako